Stata Imekufa, au Imesingiziwa?



Shukrani zote zamstahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Wasomaji wa ukurasa huu, hasa mama zetu na dada zetu, wamezoea kutukuta tukizungumza habari za ndoa, malezi na mirathi. Wiki hii tumeona tuzungumze habari ya pikipiki na kile kitufe chake cha kuwashia. Asije mtu akadhani tumetoka nje ya njia. Ni nyumba ngapi mitaani mwetu, kutoka Likoni hadi Kisauni na kupanda juu hadi Malindi, ambazo chai ya asubuhi hutokana na pikipiki iliyoegeshwa mlangoni? Na ni mama wangapi wanaomiliki pikipiki hizo, wakawapa vijana waziendeshe kwa hesabu ya kila siku, ilhali wao wenyewe hawajapata hata mara moja kutazama kilichomo chini ya kiti?

Kilichotusukuma kuandika ni kisa. Siku moja baada ya swala ya Alasiri alitujia mama mmoja mjane, mtu wa heshima zake, akifuatana na barobaro wa miaka ishirini na kitu. Marehemu mumewe aliacha pikipiki moja. Madeni yalipolipwa na mirathi kugawanywa, pikipiki ile ilibaki kuwa ya watoto wao watatu wadogo pamoja na fungu la mama yao. Yaani kwa sehemu kubwa ni mali ya mayatima, na yeye ndiye msimamizi. Barobaro ndiye dereva. Miezi miwili nyuma kitufe cha kuwashia kilikataa kufanya kazi. Fundi akasema stata imekufa, ikanunuliwa stata mpya kwa fedha zilizokuwa zimewekwa za ada ya shule. Pikipiki ikawaka vizuri. Wiki saba baadaye kitufe kikakataa tena, na neno likawa lile lile: stata imekufa.

"Sheikh," alituambia yule mama, "stata gani hii ya kufa mara mbili kwa miezi miwili? Huyu kijana ameiuza ile mpya, akairudisha ile kuukuu. Nataka aape hapa msikitini, Msahafu ukiwa mbele yake."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi niko tayari kuapa, Ustadh," akasema, "lakini nikishaapa, pikipiki itakuwa bado haiwaki."

Twakiri kwamba neno lile lilituzindua. Fiqhi imemwekea mwenye kudai jukumu la kuleta ushahidi, na yamini humwangukia mwenye kukana. Lakini yamini hutafutwa pale ushahidi unapokosekana, na hapa ushahidi wote ulikuwa umeegeshwa nje chini ya mwarobaini. Hatukutaka kumwapisha mtu juu ya jambo linaloweza kupimwa. Tukawaomba wasubiri kidogo tukachukue mita yetu ya umeme nyumbani.

Sisi si mafundi. Ila tumeendesha pikipiki kwenda chuoni kwa miaka mingi, na mtu akisuhubiana na kitu miaka mingi hakosi kuijua tabia yake. Kabla ya kuendelea na kisa, basi, na tueleze kile kitufe hufanya nini, kwani asiyejua njia ya umeme hawezi kujua umekwama wapi.

Mtu akibonyeza kitufe, umeme mdogo huenda kwenye kidude kiitwacho rilei, ambacho aghalabu hukaa karibu na betri. Rilei ni kama bawabu: hupokea amri ndogo, ikafungua mlango mkubwa. Mlango ukifunguka, umeme mwingi hutoka betrini kwa waya mnene hadi kwenye stata, ambayo ni mota ndogo iliyofungwa kwenye injini. Stata huizungusha injini, injini hushika moto, na stata hupumzika. Kisha umeme ule hauna budi kurudi betrini. Hurudi kwa kupitia chuma cha injini, halafu kwa waya mnene wa pili ambao mafundi huuita waya wa ethi. Umeme usio na njia ya kurudi hauendi. Hili watu wengi hulisahau, na mafundi wengine pia.

Lingine la kufahamu ni kiasi. Taa moja ya indiketa hutumia takriban wati 10, yaani chini ya ampea 1. Stata hutaka makumi ya ampea kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana mtu husema, "Betri ni nzima, mbona honi inalia?" Honi ni mgeni anayeomba maji ya kunywa, stata ni harusi nzima. Betri inayotosha kwa honi yaweza isitoshe kabisa kwa stata, na waya uliolika unaopitisha umeme wa taa bila shida waweza kuusonga umeme wa stata hadi usibaki kitu.

Na wala kitufe hiki si anasa, kama wasemavyo vijana wenye miguu yao imara. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita magari yalikuwa yakizungushwa kwa hendeli ya mkono mbele ya injini, na injini ikirusha kinyume, hendeli huvunja mkono. Katika magari yake ya mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitia stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering, na tangu hapo wanawake wengi na wazee wakaweza kuendesha magari bila kumtafuta mwanamume wa kuwazungushia hendeli. Pikipiki ziliijaribu stata mapema pia. Mwaka 1914 kampuni ya Indian, nayo ya Marekani, ilitoa pikipiki iliyoitwa Hendee Special yenye stata ya umeme, lakini haikudumu sokoni, kwani betri za zama zile hazikuweza kuihimili kazi hiyo. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado ukiambiwa stata haifanyi kazi, wa kwanza kuulizwa ni betri.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Pikipiki husema ugonjwa wake kwa sauti, na sauti hizi mama yeyote aweza kuzijua akiwa amesimama kizingitini, bila kuchafua mkono.

Sauti ya kwanza ni kimya. Ufunguo umefunguliwa, kitufe kimebonyezwa, hakuna kinachosikika. Hapo itazamwe kwanza ile swichi nyekundu ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, upande wa kulia. Tusicheke, swichi hii imewapeleka watu wengi kwa fundi bure, kwani mtoto akipita huichezea. Kisha pikipiki itiwe nyutro, mkono wa klachi ubanwe, na kama ina swichi kwenye stendi ya ubavuni, stendi ikunjwe. Pikipiki nyingi zimewekewa kinga ya kutowaka zikiwa ndani ya gia. Ikiwa hata honi na indiketa zimekufa, basi tatizo liko nyuma zaidi: fyuzi kuu imekatika, au waya wa betri umelegea. Tahadhari moja: msipime kwa taa kubwa ya mbele. Katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hailishwi na betri, huwaka tu injini inapozunguka. Pimeni kwa honi.

Sauti ya pili ni tik-tik-tik ya haraka, kama mjusi ukutani, na taa za dashibodi zikififia. Huyu ni bawabu anayejaribu kufungua mlango, nguvu zikamwishia, akarudia tena na tena. Karibu kila mara ni betri iliyoishiwa chaji au ncha zake zilizolegea. Stata haina kosa.

Sauti ya tatu ni "tak!" moja nzito, kisha kimya. Mlango umefunguka lakini stata haizunguki. Hapa ndipo pana fitina, kwani sababu ni nyingi. Pengine stata kweli imekwisha: ndani yake mna vijiti vya kaboni viitwavyo brashi ambavyo hulika kidogo kidogo kila inapozunguka, na vikiwa vifupi mno havigusi tena. Pengine rilei yenyewe imeungua ndani, ikawa yalia bila kupitisha umeme. Pengine ni waya mnene au ethi. Sauti ni moja, wagonjwa ni wanne.

Ya nne ni stata kuzunguka kwa kasi, zzzzz, bila injini kushtuka. Umeme wote ni mzima. Kilichoharibika ni klachi ya stata, ile gia inayoshika upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Hiyo ni kazi ya kufungua injini, na mama akiisikia sauti hii na fundi akamwambia anunue betri, amwambie asante na atafute fundi mwingine.

Na ikiwa injini yazunguka vizuri kwa nguvu zake ila haishiki moto, basi stata imekwisha kufanya kazi yake. Tafuteni petroli, plagi, choki.

Tulivyoipima pikipiki ya mayatima

Pikipiki ile ilikuwa na sauti ya tatu. Kijana alibonyeza, ikasema "tak!", basi. Honi yake ilikuwa kali. Kiki yake ilikuwa imelika meno tangu zamani, kwa hivyo siku zote zile kijana alikuwa akiisukuma, akairukia kwenye gia ya pili, mara kumi na kitu kwa siku, pengine na abiria amesimama kando akimtazama. Mama hakuwa akilijua hilo. Tulimwona akimtazama yule kijana kwa jicho lingine kidogo.

Tukaitia mita kwenye ncha mbili za betri, pikipiki ikiwa imezimwa: volti 12.6. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, huwa hapo au juu yake kidogo, ikisoma 12.0 huwa karibu tupu, ingawa kwa asiyejua nambari hizo mbili zaonekana kama ndugu. Kisha tukamwambia kijana abonyeze kitufe huku mita ikiwa pale pale. Stata inapozunguka, betri nzima hushuka hadi 10 na kitu; ikianguka chini ya 9.5 yafaa kushukiwa. Hii haikushuka hata kufika 12. Mama akafurahi, akasema betri ina nguvu. Sisi tukaona alama mbaya. Betri isiyoshuka ni kama kibarua asiyetoka jasho: huenda kazi yenyewe haimfikii.

Tukahamisha mita. Ncha moja tukaiacha kwenye hasi ya betri, ya pili tukaibana kwenye chuma kitupu cha injini. Baina ya sehemu mbili hizo kuna waya wa ethi tu. Zahesabiwa kuwa kitu kimoja, na kitufe kikibonyezwa mita yatakiwa isome karibu na sufuri, si zaidi ya nusu volti. Kijana akabonyeza. Mita ikasoma zaidi ya volti 7.

Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya nguvu ya betri ilikuwa ikipotelea njiani wakati wa kurudi, na stata ikiambulia makombo yasiyoweza kuisukuma injini. Tukaufuata ule waya kwa vidole kutoka betrini kwenda chini. Ulikuwa umefungwa kwenye injini kwa bolti, na bolti ile ndiyo hiyo hiyo mojawapo ya zinazoishikilia stata. Tulipoilegeza, jicho la waya lilitoka likiwa kijani kama kasha la shaba lililozama baharini, na chini yake kutu.

Tukalisugua kwa msasa hadi shaba ikang'aa, tukalisugua na chuma cha injini mahali linapokaa, tukalifunga kwa nguvu na kulipaka vaselini juu. Kazi ya muda wa kunywa kahawa. Kijana akabonyeza, injini ikazunguka na kuwaka papo hapo. Tukairudia mita tukiwasha tena: ethi ilisoma chini ya 0.2, na betri safari hii ikashuka hadi 10.8, jasho la kazi.

Hapo mama akauliza swali ambalo twaona lilikuwa bora kuliko vipimo vyetu vyote: "Basi ile stata ya kwanza ilikuwa na nini?"

Hatukuwa na jibu. Kijana akasema stata kuukuu hakuiuza, iko kwake ndani ya mfuko wa saruji. Akaifuata. Tukaishika kwa nguvu chini ya mguu, kwani stata ikianza huruka mkononi, tukaiunga kwa waya minene moja kwa moja na betri. Ikazunguka bila kusita.

Siku ya pili tukaenda watatu kwa fundi. Hatumtaji, kwa sababu hatuna cha kumtuhumu nacho. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akacheka kwa uchungu. "Sheikh, ile siku nilipofunga stata mpya ilinibidi nifungue bolti ile ile. Nikaipangusa, nikaikaza. Ikawaka. Nikajua ni stata." Basi ndiyo hayo. Hakuna aliyeiba, wala aliyesema uongo. Aliyeponya ugonjwa ni ule mfuto wa kitambaa kwenye bolti, sifa ikaenda kwa stata mpya, na chumvi ikarudi baada ya wiki saba kudai haki yake. Mama wa watu akawa amelipa ada ya shule kwa kitambaa.

Twamwona fundi yule kuwa na kosa la kukisia, na kukisia ndilo gonjwa la karakana zetu nyingi za kando ya barabara: hutolewa hiki kikawekwa kile mpaka pikipiki ikaitika. Lakini sisi wateja nasi tuna fungu letu. Fundi akitumia nusu saa kupima na akapata kwamba ni bolti tu, twampa shilingi hamsini na kulalamika kwamba hakufanya kitu. Akitufungia stata mpya twamlipa bila kinyongo. Wacha alipwe kwa kupima.

Chumvi yetu na magadi yetu

Sisi wakaazi wa pwani tuna adui ambaye wenzetu wa bara hawamjui sana. Upepo wa bahari, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba chumvi, na pikipiki ya Likoni huipanda feri mara ngapi kwa siku ikirushiwa maji. Chumvi ikikutana na unyevu juu ya shaba huzaa ile kutu ya kijani. Na penye ncha za betri hujikusanya unga mweupe au wa samawati utokanao na tindikali. Vyote viwili huziba njia ya umeme. Kwa hivyo mtu wa pwani na aone kwamba viungo vya waya ni kama meno: vyahitaji kusafishwa kabla havijauma. Mara moja baada ya miezi mitatu, na mara moja masika yanapokwisha, inatosha.

Dawa ya ule unga wa betri iko jikoni. Magadi tunayotilia kunde, yayeyushwe kijiko katika kikombe cha maji ya vuguvugu, yapakwe kwa mswaki uliochakaa juu ya ncha zile. Yatatoa povu, kwani magadi huvunja tindikali. Yasiachwe yakaingia ndani ya betri kupitia vifuniko vyake. Baadaye suuza kwa maji safi, kausha, funga, paka vaselini. Anayefungua waya za betri aanze na hasi, na anapofunga amalizie na hasi. Akianza na chanya, spana ikigusa fremu, atapata cheche ambayo hatoisahau. Asiwepo mwenye sigara wala moto karibu, kwani betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Na ile tindikali hutoboa baibui na kanzu bila huruma, seuze jicho; ikimgusa mtu, maji mengi kwanza, maswali baadaye.

Kwa betri za kuongeza maji, itumike maji maalumu ya betri yanayouzwa vituo vya petroli, yajazwe baina ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni. Maji ya kisima haifai kabisa. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi ndani ya betri ni kama maji ya bahari kwa mwenye kiu.

Pia itazamwe kama betri yachajiwa. Injini ikiwaka na petroli ikapandishwa kidogo, mita isome baina ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, betri mpya nayo itakufa, kwa sababu hailishwi. Ikipita 15, inapikwa. Kwa vyovyote viwili kununua betri peke yake ni kutupa pesa. Vijana wetu wa steji nao wanajua kwamba zile taa za rangi saba na spika ya kuchezea muziki mtaa mzima hula betri. Tumewaambia, wakacheka, na stata zao zinawajibu kwa niaba yetu. Na wafundishwe kutokikandamiza kitufe muda mrefu. Sekunde tano, kisha kuipumzisha, kisha tena. Stata ni mota ya kazi fupi. Ikizungushwa mfululizo huungua.

Limebaki jambo moja ambalo tusingeliandika lau lisingekuwa na watoto ndani yake. Ile kinga ya kutowaka ndani ya gia, tuliyoitaja juu, ina swichi zake ndogo kwenye klachi na kwenye gia, nazo huharibika kwa chumvi kama vingine. Fundi mwenye haraka hukata waya zake akaziunganisha moja kwa moja, na pikipiki ikawaka popote. Mwenye pikipiki hufurahi, kwani imekuwa rahisi. Kisha siku moja imeegeshwa uani ikiwa ndani ya gia, ufunguo umesahauliwa, mtoto wa miaka minne amepanda akijifanya baba, akabonyeza kile kitufe. Pikipiki itaruka mbele naye juu yake, au itamrukia mwenzake aliyesimama mbele. Swichi yenyewe haina bei ya kumfanya mtu akose usingizi. Mama, muulize fundi wako swali hili kwa maneno haya haya: "Umeunganisha moja kwa moja?" Na upime mwenyewe: itie pikipiki gia ya kwanza katika uwanja mtupu, usibane klachi, shika breki sawasawa, gusa kitufe kidogo. Ikijaribu kuruka, ufunguo usilale tena kwenye pikipiki hata usiku mmoja hadi itengenezwe.

Mita ya umeme ya kawaida hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa mia kadhaa za shilingi. Yule mama amenunua yake, na kijana amemfundisha kuisoma. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya hesabu kuandikwa daftarini, hutoka na mita mkononi, kijana hubonyeza kitufe, naye huandika nambari mbili: ya betri, na ya ethi. Stata kuukuu ameitia ndani ya kabati pamoja na hati za marehemu, imefungwa kwa kitambaa kikavu. Ile mpya ikifa kweli, ya kuiweka mahali pake ipo.

Wabillahi t-tawfiq.